Abaya tatu, boti sita

Kama uko Lamu na unafikiria kuagiza nguo onlaini, hasa nguo ya shughuli yenye tarehe, nisikilize kwanza, manake mimi nimejua baada ya kulipa. Na nikisema kulipa sisemi bei ya nguo. Bei ya nguo kila mtu anaiona pale kwenye picha. Nasema ile bei ya kuirudisha nguo ikija siyo, ambayo hakuna anayekuandikia popote, na kwa sisi wa kisiwani bei hiyo ina boti ndani yake.

Ilikuwa Ramadhani, harusi ya mdogo wangu iko mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na sisi watu watatu, mimi, dada yangu mkubwa na mama, tulitaka tuvae sare. Abaya za rangi ya kahawa, zenye darizi ya uzi wa dhahabu kwenye mikono na kuzunguka pindo lote la chini. Fundi wetu hapa Langoni nilimwendea mapema tu, akanionyesha rundo la nguo za Idi mpaka karibu na dari akanambia dada, nikikupokelea nitakudanganya. Nikamshukuru kwa kunambia kweli. Nikarudi nyumbani nikashika simu.

Ile peji niliikuta kwa kuonyeshwa na rafiki yangu. Duka liko Nairobi, picha nzuri, watu wengi wanacomenti mashallah mashallah, na muuzaji anajibu haraka, kila meseji ukhti, ukhti. Abaya moja 2,800. Wanaovaa wanajua, abaya hupimwa kwa inchi kutoka begani mpaka chini, 52, 54, 56, 58, 60. Mimi 56, dada 54, mama 52. Nikaandika hivyo hivyo kwa herufi kubwa, saizi na jina la mvaaji, nikalipa 8,400 za nguo na 500 za kusafirisha kwa nambari ya tili. Akanijibu tutapaki leo inshallah.

Sasa hapa lazima nieleze kwa yule asiyeijua njia yetu. Mzigo ukitoka Nairobi ukafika Mombasa, unapakiwa basi la Lamu, unapita Malindi, Garsen, Witu, Hindi, mpaka Mokowe. Hapo barabara imekwisha, mbele ni maji. Muuzaji akikuandikia "dilivari Lamu" huwa anamaanisha Mokowe, hata kama yeye mwenyewe hajui. Kutoka hapo ni wewe na boti. Nilivuka saa saba ya mchana na saumu yangu, jua la kwenye mkondo ule lilivyo, 150 kwenda na 150 kurudi, nikapanga foleni kwenye ofisi ya basi, nikaonyesha kitambulisho na meseji, nikapewa mzigo umefungwa nailoni nyeusi na selotepu nyingi. Nikaupakata mpaka jeti ya Lamu usipate rasharasha. Nilikuwa nafuraha sana siku hiyo, siwezi kusema uongo.

Nilipofika nyumbani nikauweka kitandani, nikaenda jikoni manake magharibi inakaribia na viazi vya nazi viko motoni. Mama akaufungua. Na mama, kwa mapenzi yake, akafanya kile ambacho kila mama wa hapa hufanya nguo mpya ikiingia nyumbani. Akaweka makaa kwenye chetezo, akatia udi, akazifukiza zote tatu vizuri moja baada ya moja, akazikunja. Nilipotoka jikoni nyumba nzima inanukia. Wala sikufikiri kitu chochote, nilifurahi tu kuwa mama amezipenda.

Tulizijaribu baada ya tarawehe. Dada akavaa ya kwake, pindo likalala sakafuni. Nikadhani kavaa ya kwangu kwa makosa. Nikaangalia tegi, 54. Nikavaa yangu, tegi 56, nayo inaburuta. Mama akatoka chumbani amevaa ya 52, mikono imemfunika vidole vyote na darizi yote ya chini inafagia, ameishika mbele kwa mikono miwili kama mtu anayevuka maji, anatutazama. Hakusema kitu.

Tukatandika mkeka, tukazilaza zote tatu moja juu ya nyengine, bega kwa bega. Pindo zote zikakaa sawasawa, yaani hata kidole hakikupita. Nikatoa tepu ya kushonea, 58. Zote 58. Tegi za karatasi ndo tofauti, nguo ni moja. Mtu amekaa dukani akachukua abaya tatu za saizi aliyonayo akazibandika nambari nilizotaka mimi. Hilo ndo lililoniuma zaidi ya pesa. Kukosea kupo, mtu huchanganya mizigo siku za Idi dukani kumejaa, lakini kubadilisha tegi ni kazi ya mkono na macho.

Mtu ataniuliza kwani si ungekata pindo tu. Nilifikiria pia. Lakini darizi iko pale pale chini, inchi nne za darizi, ukikata umeitupa, na ukipandisha kwa juu kiunoni abaya inaharibika mwanguko wake wote. Kwa abaya isiyo na kitu chini fundi anakumalizia kwa 300 na maisha yanaendelea. Hii hapana.

Nikapiga picha za zile nguo juu ya mkeka na tepu yangu pembeni, nikamtumia usiku ule ule. Meseji ikawa na tiki mbili za buluu na jibu hakuna mpaka kesho yake saa tano. Ukhti pole, bidhaa ikishauzwa hairudi, angalia juu ya peji tumeandika. Na kweli wameandika, niliangalia, iko pale katikati ya maua na mioyo.

Hapo nilikaribia kunyamaza. Wengi wetu tunanyamaza hapo, tunasema ni riziki imepotea, na ile nguo tunamgawia mtu mrefu. Aliyenizuia ni binamu yangu mmoja aliyesomea sheria. Akanambia hebu tulia. Hayo maneno ya bidhaa ikiuzwa hairudi yanaweza kumfaa akiwa kakuletea ulichoagiza halafu wewe ukabadili mawazo. Lakini akikuletea kitu kisicholingana na alivyokieleza hiyo ni hadithi nyengine, sheria ya mauzo ya bidhaa ya Kenya inataka kitu kilingane na maelezo yake, na Katiba ya 2010 kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kufidiwa hasara, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 juu yake. Akanambia hata mahakama ya madai madogo ipo, inasikiliza mpaka shilingi milioni moja. Mimi mahakama sikuwa na nguvu nayo, harusi iko mlangoni. Nilichotaka ni nguo.

Pia kuna walionambia nitume meseji ya malipo kwa 456, ile nambari ya M-Pesa, pesa irudishwe. Hiyo ni ya pesa iliyokosea njia, umekusudia kumtumia huyu imekwenda kwa yule. Pesa yangu ilifika kwa niliyemkusudia. Kilichokosea ni nguo, na ya nguo hakuna nambari.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu kabisa, bila tusi, nikaweka skrinshoti ya oda yangu, picha za tepu, na maneno ya binamu. Lugha yake ikabadilika. Akasema sawa, zirudishe tukubadilishie, lakini gharama ya kurudisha ni yako na ya kukutumia tena ni yako. Nikamuuliza kosa ni la nani? Akasema ukhti huo ndo utaratibu wetu. Nikamuuliza tena. Akarudia vile vile. Nikaangalia kalenda. Ramadhani 22. Ukibishana siku tatu umepoteza siku tatu, na muuzaji analijua hilo kuliko wewe, yeye nguo anayo na pesa anayo, wewe una tarehe ya harusi tu. Nikakubali. Mpaka leo nikikumbuka najuta kwa kukubali gharama zote mbili, angalau ya kurudi ningemng'ang'ania alipe nusu.

Nikanunua nailoni na selotepu, 100. Basi la kutoka Mokowe huondoka asubuhi mapema, kwa hivyo mzigo lazima uwe ofisini jana yake. Nikavuka tena baada ya alasiri, 300 za boti, 500 za mzigo. Kwenye boti ya kurudi adhana ya magharibi ikatukuta katikati ya mkondo, mzee mmoja akatoa tende kwenye mfuko wa kanzu akatugawia wote, nahodha akapunguza mwendo tukafuturu hapo hapo. Namuombea yule mzee mpaka leo.

Siku mbili baadaye muuzaji akapiga simu mwenyewe. Ukhti hizi nguo zimevaliwa. Nikashtuka, nikamwambia zimejaribiwa tu, dakika kumi, ndani ya nyumba. Akasema zinanuka manukato, dukani kote zinanuka, nitamuuzia nani hizi?

Udi wa mama.

Nilinyamaza kwenye simu. Hapo kweli hakuwa na kosa, lazima niseme, harufu ya udi haitoki kwa kuanikwa siku moja, na mteja wa pili akifungua nguo ikamnukia udi atasema ameuziwa mtumba. Lakini pia hakuna mtu Lamu anayefikiria kufukiza nguo ni kuivaa. Kwetu ni kuikaribisha. Nikamweleza hivyo, nikamwambia mamangu alifanya kwa nia njema, akanisikiliza vizuri kushinda nilivyotarajia. Akasema atazipeleka zikapigwe upepo na mvuke, lakini 500 atanikata. Na pia akanambia ya 52 imekwisha, mzigo mpya hauji mpaka baada ya Idi kubwa. Atanitumia ya 56 na ya 54, na ya mama anirudishie pesa yake ikiwa imekatwa hiyo 500. Yaani 2,300.

Nikaja kumwambia mama. Alikuwa anachambua mchele wa futari, hakuinua kichwa. Akanambia, "Mwanangu mimi sina neno, nitavaa ile yangu nyeusi. Nyinyi vaeni sare." Halafu baada ya muda akauliza kwa sauti ya chini, "Ule udi ndo ulioharibu?" Nikamwambia hapana mama, walikosea wao saizi. Ilikuwa kweli, lakini sikuweza kumtazama.

Idi ikapita, maduka yakafungwa yakafunguliwa, mvua zikaanza, mzigo wa pili ukafika Mokowe siku mbili kabla ya harusi. Mia tano nyengine, boti nyengine mara mbili. Safari hii sikuubeba kipofu. Niliufungua pale pale ofisini mbele ya karani, na kijana mmoja akanirekodi vidio kwa simu yangu kuanzia kwenye selotepu, nikapima kwa tepu niliyokuja nayo mkobani. 56. 54. Sawa. Ndipo nikapanda boti.

Nimepiga hesabu mara nyingi. Kuleta mara ya kwanza 800, hiyo niliitarajia tangu mwanzo siihesabu kuwa hasara. Kurudisha 900. Kuleta tena 800. Ya udi 500. Jumla ya kosa ambalo halikuwa langu ni 2,200, karibu na bei ya abaya nzima, na mama hakuvaa sare. Na hapo sijatia bando, wala siku tatu nilizofunga kibanda changu mchana.

Dadangu mwengine, mtoto wa mama mdogo, anaishi Uingereza. Nilipomsimulia hakuamini. Yeye akitaka gauni moja anaagiza saizi tatu, anajaribu mbele ya kioo, anabaki na moja, mbili anazifunga anazipeleka kituo cha karibu anapita njia. Kwao sheria inampa mtu aliyenunua onlaini siku 14 za kubadili mawazo tangu apokee, hata kama nguo haina kasoro yoyote, halafu siku 14 nyengine za kuirudisha. Na nguo ikiwa na kosa la muuzaji, muuzaji ndo anayebeba gharama. Akanambia lakini hata kule mambo yanabadilika, maduka yameona hasara, Zara 2022 walianza kutoza paundi 1.95 kwa anayerudisha kupitia vituo vya nje, ukiipeleka dukani mwenyewe ndo bure. Watu walilalamika sana. Nilifikiria ile paundi moja na senti zake. Sikumdharau, kila mtu na hesabu ya kwao, lakini yeye analalamikia nauli ya mzigo mmoja na mimi nimevuka bahari mara sita.

Na hilo ndo nataka wauzaji wa bara walielewe, tena nalisema kwa moyo safi kabisa, wengi ni wafanyabiashara wadogo kama sisi, nao wana kodi na wana watoto. Mukisema badilishana ni ndani ya siku tatu, hiyo siku tatu ni ya mtu wa Nairobi. Mimi siku ya tatu bado natafuta boti. Hesabuni kuanzia mtu anapopokea, sio kuanzia mzigo unapotoka dukani. Na kama kosa ni lenu, nauli ya kurudi iwe yenu. Hilo peke yake lingewafanya wanaopaki waangalie tegi mara mbili.

Mimi sijaacha kununua onlaini, nisiseme uongo, kuna vitu hapa havipatikani au vinapatikana kwa bei ya watalii. Lakini sasa sitoi shilingi kabla sijaona tepu. Namwambia muuzaji, tafadhali ilaze hiyo abaya yenyewe chini, sio ya kwenye picha, weka tepu kutoka begani mpaka pindoni, nipigie picha, na nyengine kifuani kutoka kwapa mpaka kwapa. Kisha nachukua abaya yangu inayonikaa vizuri nailaza mkekani, napima vile vile, nalinganisha nguo kwa nguo. Mwili usiupime, mwili una makalio na una kupumua, pima nguo. Muuzaji wa kweli anapiga hiyo picha kwa dakika mbili. Akianza ukhti amini tu, mimi nishaondoka.

Halafu lile swali la pili, ambalo tunaona haya kuliuliza kabla ya kulipa, kama vile tunaitakia shari biashara: ikija siyo, nani analipa kuirudisha? Ulizeni kwa maandishi. Mpaka sasa nimewauliza wanne, wawili walisema nusu kwa nusu, mmoja akasema yeye, mmoja akanyamaza kimya kabisa. Huyo aliyenyamaza nilimshukuru moyoni.

Nguo ya harusi mimi sasa siagizi chini ya wiki sita. Na majirani tumeanza kuagiza pamoja, wanawake watano sita mtaani, mzigo mmoja, anavuka mmoja wetu, 300 za boti tunachanga. Akienda anakwenda na tepu na simu yenye chaji. Ikitokea moja ya kurudi, inakaa Mokowe hapo hapo inarudi na basi la kesho, haivuki maji kuja kututia huzuni nyumbani.

Mwezi uliopita tulipokea mzigo wa madera na abaya mbili. Moja ilikuwa ya mama, 52, rangi ile ile ya kahawa, nilimtafutia kwa muuzaji mwengine, hata darizi inakaribia kufanana. Nimeingia nayo ndani, mama amekaa barazani na makaa tayari yamewaka, chetezo kiko pembeni. Nikamnyooshea mzigo. Hakuupokea. Akaingia chumbani akatoka na tepu, akanipa, akanambia, "Pima kwanza," na kile kikopo cha udi amekishika mkononi, hajakifungua.